Nimetumia WikiTree kutafuta watu wa nyanya yangu wa Frere Town, haya ndio niliyoyaona

Juzi kwenye harusi Kisauni binamu yangu mmoja aliniuliza, ule mtandao wako wa kusaka koo unasaidia kweli ama ni mambo ya wazungu tu, na pale ngoma zilikuwa zinalia sikuweza kumjibu vizuri. Nikamuahidi nitaandika. Leo mvua imenifungia ndani tangu asubuhi kwa hivyo nimekaa naandika yote, mnisamehe ikiwa ndefu.

Mtandao wenyewe unaitwa WikiTree. Ulianza 2008, aliyeuanzisha ni Mmarekani anaitwa Chris Whitten, na ni bure, si ile bure ya siku kumi na nne halafu wanakuomba kadi, ni bure kabisa. Wazo lao ni kwamba binadamu wote tuna mti mmoja wa ukoo, kwa hivyo badala ya kila mtu kujifungia na mti wake, kila marehemu anakuwa na ukurasa mmoja na wote wanaohusiana naye wanaujenga pamoja. Lakini mimi sikuja hapa kusifu mti. Kilichonifaa ni kitu kidogo kilichoko kando ya huo mti, kwamba unachagua majina ya koo na mada unazotaka kuzifuata, wanaziita tagi, na mtu yeyote popote alipo akiuliza swali akalitia hio tagi, basi linakujia wewe, linakufuata mpaka kwenye imeli. Yaani unakutanishwa na mtu hujawahi kumuona maishani kwa sababu nyote wawili mnatafuta kitu kimoja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wasaka koo wa mtandaoni walikuwa wakitumiana imeli kwenye orodha ya ROOTS-L tangu 1987, baadaye ikaja RootsWeb na orodha yake kubwa ya majina, unaweka jina la ukoo, miaka na mahali, mwenzako akiliona anakuandikia. Huko Uingereza kuna chama kinaitwa Guild of One-Name Studies tangu 1979, mtu anasajili jina moja la ukoo na kulifuata dunia nzima. Wenzetu kila kitu wamekijengea juu ya jina la ukoo, na kwao linawafaa maana linatoka kwa babu mpaka kitukuu bila kubadilika. Sasa njoo nalo Mombasa uone.

Upande wa mama mimi ni wa Frere Town. Nyinyi mnaopita Kengeleni kila siku kwenda Nyali mnaiona ile kengele pale kwenye njia panda, wengi hata hawaulizi ni ya nini, basi hio ndio ilikuwa inapigwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Kijiji kilianzishwa na CMS, chama cha wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza, 1875, kikaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere aliyekuja pwani hii 1873 kwa mambo ya kukomesha biashara ya watumwa. Walioletwa kukijenga walikuwa Waafrika waliotoka India, wanaitwa Bombay Africans. Hao walikamatwa wakiwa watoto huko bara, wakatiwa majahazini, manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi baharini, wao wakapelekwa Bombay na wengine wakalelewa na wamishonari Sharanpur karibu na Nashik, wakafundishwa useremala na uhunzi na kusoma. Halafu wakarudishwa Afrika, lakini si kwao. Wakashushwa hapa Mombasa.

Babu yake nyanya yangu alikuwa mmoja wao, seremala. Hio ndio habari yote tuliyokuwa nayo nyumbani. Kwamba alikuwa seremala, kwamba alitoka India lakini hakuwa Mhindi, na kwamba hakupenda kuulizwa. Na jina lake la ukoo, ambalo silitaji hapa kwa sababu jamaa wako hai na si wote wanaotaka kutajwa, ni jina la Kiingereza alilopewa na wamishonari, jina ambalo huko Uingereza liko kila mtaa.

Sasa fikirieni mimi nimejiunga, nimefurahi, kitu cha kwanza nafuata jina la ukoo. Subhana! Wiki mbili imeli yangu ilijaa wakulima wa Yorkshire. Mara mchimba makaa wa Wales, mara kasisi wa Kentucky wa mwaka 1810, watu waungwana kabisa wananiuliza je, wewe ni wa tawi gani, na mimi nawajibu kwa adabu kwamba mimi si wa tawi lolote, hilo jina babu yetu alivishwa kama shati. Mama mmoja alinijibu kwamba amelia aliposoma. Kosa si la mtandao hapo, mashine inafanya ilichoambiwa. Lakini ukweli ni kwamba jina la ukoo kwa mtu wa Frere Town halielekei kwa wazazi wake. Linaelekea kwa aliyembatiza au kwa mfadhili fulani huko ng'ambo aliyechangia pesa. Jina la kwao hasa, lile aliloitwa na mamake, limepotelea baharini.

Nikataka kuacha. Tena kabla ya hapo nilikuwa nimeshaungua na mtandao mwingine wa kulipia, jina nalihifadhi, ambao nililipa mwaka mzima nikidhani ni mara moja tu, kumbe pesa inajikata yenyewe, mwaka wa pili nashtukia kadi imekwanguliwa na humo ndani Mombasa haina hata karatasi kumi za maana. Kwa hivyo nilikuwa na uchungu tayari.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa New Zealand, yeye anafuatilia mambo ya David Livingstone, yule mmishonari aliyezunguka bara la Afrika, aliona swali langu akaniandikia mistari miwili tu: acha kufuata jina, fuata mahali na fuata tukio. Basi. Nikaziondoa tagi zote za jina nikafuata Frere Town, Freretown kwa neno moja, Bombay Africans, Nashik, Nasik (Waingereza wa zamani waliandika hivyo), Rabai, Kisauni, Mombasa na CMS. Na hapa nawaambia msifanye uvivu wa tahajia, andikeni kila namna mnayoijua, kwa sababu anayeandika Freretown na anayeandika Frere Town mashine inawaona watu wa vijiji viwili tofauti, na hao wawili huenda babu zao walikaa nyumba moja.

Mada hazileti kelele. Kwa mwezi mzima nilipata maswali matatu tu lakini yote matatu yalikuwa ya kwangu! Huyo wa New Zealand alinieleza kwa nini watu wa Livingstone wanatujali sisi: Jacob Wainwright, kijana aliyesoma Nashik, ndiye aliyesafiri na maiti ya Livingstone mpaka Uingereza na akawa mmoja wa waliobeba jeneza Westminster Abbey 1874. Mimi nimesoma shule Mombasa kuanzia nasari mpaka fomu foo na sikuambiwa hilo hata siku moja. Nimeliskia kutoka kwa mzee wa New Zealand saa sita ya usiku nikiwa na simu ya asilimia nane.

Wa pili ndio aliyenifungulia mlango. Ni mama mstaafu wa Birmingham, yeye mambo yake ni wanawake wamishonari, hana undugu wowote na Mombasa. Karatasi za CMS, barua, ripoti, mashajara ya kila siku ya wamishonari, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham kwenye Cadbury Research Library. Mimi kwenda huko ni ndoto, viza tu ni kesi, lakini huyo mama anakaa kwa basi dakika ishirini. Akaniuliza unataka nini hasa, mwaka gani, nani. Nikamwambia seremala, jina la ubatizo hili, Frere Town kati ya 1875 na 1890. Alienda mara nne jamani, kwa nauli yake, wala hakuniomba senti. Mara ya nne akaniletea picha ya barua ambayo mmishonari anawataja maseremala waliotengeneza milango na viti vya kijijini, na jina lipo. Jina la ubatizo na la ukoo, maneno mawili, kwa wino wa kahawia. Nilipomuonyesha mamkubwa kwenye simu alishika ukuta.

Sasa mimi si mjinga, najua jina kuwa sawa si ushahidi kamili, wangeweza kuwa wawili wenye jina hilo. Na hapo nasifu nidhamu ya WikiTree. Ukijiunga unakubali sheria zao za heshima, Honor Code wanaiita, na moja ni kwamba kila unachoandika useme umekitoa wapi. Hata ule uhusiano wa mtoto na mzazi unaweza kuwekwa kwamba una hakika ama huna hakika. Mimi nimeweka sina hakika, na hio alama iko pale kila mtu anaiona, na imenipa amani, kwa sababu kwenye mitandao mingine nimeona watu wananakili tu mti wa mwenzao bila kuuliza, mtu mmoja akikosea mwaka wa kuzaliwa basi kosa lake linazaa watoto mia.

Wa tatu ndio sijui niseme nini. Mwanamke wa Toronto. Anafuata tagi ya Frere Town tangu kabla yangu, alikuwa kimya tu, na aliposoma niliyoandika kuhusu seremala akanitumia picha bila maneno. Kanisa, Emmanuel lile lile la Frere Town, na mbele yake wanawake sita wa kitambo na gauni za kola, na wa pili kutoka kulia ni uso wa mamangu. Si kufanana kidogo, ni ule ule, paji, macho na namna ya kushika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Kumbe nyanya yake na nyanya yetu ni watoto wa ndugu wawili, mmoja alienda kufunza Nairobi miaka ya 1950, familia ikaenda Nairobi kisha Canada na hatukuonana tena. Majina ya ukoo yetu sisi wawili hayafanani hata herufi moja, maana huko wameolewa mara mbili na huku pia. Tungefuata jina tungekufa hatujajuana. Sasa kila Jumapili tunaongea kwenye video na mamkubwa anamuuliza kama amekula, huko Toronto, saa mbili asubuhi kwao.

Shoga yangu wa Kibokoni aliona haya yote akataka na yeye. Yeye ni Mkilindini, wa Thelatha Taifa, wale Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, maana Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, Thelatha hao na Tisa wakina Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na wenzao. Tatizo lake ni la kinyume na langu. Mimi nina jina la ukoo lisilo langu, yeye ana ukoo mkubwa lakini hana jina la ukoo. Chukueni mfano tu: babu anaitwa Salim bin Omar bin Ali. Mtoto wake kwenye kitambulisho ni Hamisi Salim Omar. Mjukuu ni Juma Hamisi Salim. Haya, vizazi vitatu, jina la mwisho ni Ali, halafu Omar, halafu Salim! Na WikiTree kila mtu namba yake inatengenezwa kutokana na jina la mwisho la kuzaliwa, kwa hivyo baba na mwana wanakaa kwenye mafungu mawili. Ongeza na Omar, Omari, Umar, Mohamed, Muhammad, kila karani aliandika anavyoskia. Wenye nisba, yaani jina la kabila au ukoo wa Kiarabu linalorithiwa, wana nafuu, wakina Mazrui unawapata mpaka Oman, Wahadhrami pia, ingawa Bawazir huyo huyo utamkuta Bawazeer na Ba Wazir, inabidi ufuate zote tatu.

Tulichofanya, tulikaa na shajara yao ya nasaba, ule mti wa ukoo, wanayo nyumbani imeandikwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, babake alitusomea, na tukaamua kila mtu jina lake la mwisho liwe kama alivyojulikana mwenyewe, halafu Mkilindini tukaliweka kwenye sehemu ya majina mengine. Na kwa tagi tukafuata Kilindini, Thenashara Taifa, Mombasa, Swahili. Mpaka leo hajapata jamaa mpya, nasema ukweli, lakini amepata kitu. Mtafiti mmoja wa mambo ya ardhi alimwambia kwamba ile sheria ya ardhi ya pwani ya 1908 iliwataka wenye mashamba waje wadai milki zao ziandikwe, kwa hivyo kama mababu walikuwa na shamba huenda yako madai yenye jina la mdai na la babake, na mipaka ya jirani. Yeye na kakake wameanza kufuatilia na sasa wana kitu cha kutafuta, zamani walikuwa wanasema tu vitu vyote viliungua.

Kuna jambo lazima nilizungumze polepole. Kwetu hapa asili ni kitu cha kuuma. Kuna nyumba Mombasa ukisema mbele ya wageni kwamba babu yenu aliwahi kuwa mtumwa unaweza usialikwe tena. Mamkubwa mwenyewe mwanzoni aliniambia, mwanangu, waliokufa waache wamekufa, unataka watu watuseme? Sikumlazimisha. Nilimsomea ile barua ya maseremala, nikanyamaza, baada ya wiki akanipigia yeye akaniambia jina la mamake huyo mzee alilikumbuka, aliliskia kwenye wimbo wa kubembeleza. Kwa hivyo nawaomba sana, kabla hamjaweka kitu kaeni na wazee wenu kwanza, na waulizeni nini kiwekwe na nini kisiwekwe. Mtandao unasaidia hapo: walio hai wanafichwa, mtu wa nje hawaoni. Lakini aliyezaliwa zaidi ya miaka 150 iliyopita au kufariki zaidi ya miaka 100, ukurasa wake ni wazi kwa dunia, hamna namna ya kuufunga. Huyo seremala wetu yuko wazi. Tulijadiliana nyumbani jioni mbili nzima kabla ya kubonyeza.

Mengine kwa haraka. Lugha ni Kiingereza karibu yote, lakini nimeandika wasifu wa nyanya kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini na hakuna aliyenikataza. Kwenye simu inafunguka ila kupanga watu wengi nashauri muende saiba au muazime kompyuta, ule mti kwenye kioo kidogo unaumiza macho. Bando haili sana. Ukiuliza swali usiandike "natafuta familia yangu Mombasa", hakuna atakayejua aanzie wapi. Andika nani, alifanya kazi gani, wapi, kati ya mwaka gani na mwaka gani, na wewe umeshatafuta wapi. Swali langu la kwanza lilikaa miezi miwili bila jibu, la pili nililotaja useremala lilijibiwa siku hio hio. Na kumbukeni kusema asante, wengi wa hawa ni wastaafu wanaojitolea. FamilySearch nayo ni bure, ni ya lile kanisa la Wamormoni wa Utah ambao wameanza kazi ya nasaba tangu 1894, na filamu zao zote za kumbukumbu za dunia walishamaliza kuzitia kidijitali 2021, kwa hivyo itumieni kutafutia karatasi. Ila kwa kupata watu wanaotafuta unachotafuta wewe, mimi nabaki pale pale WikiTree kwenye tagi.

Nyota nampa nne kati ya tano. Ile ya tano naiweka mpaka sisi tujae humo, maana nilipoanza tagi ya Frere Town ilikuwa na watu wachache mno na karibu wote wako ng'ambo. Watu wa Kisauni, wa Rabai, wa Kengeleni kwenyewe, ambao wazee wao wako hai na wana hizo habari vichwani, hawamo.

Bado namtafuta mke wa huyo seremala. Tuna jina lake la ubatizo tu, na tunajua aliolewa akitokea Rabai, miaka ya 1880. Kama kwenu Rabai kuna Biblia ya zamani imeandikwa majina nyuma ya jalada, ifungueni mtazame, na mkiona msichana aliyepelekwa Frere Town kuolewa na seremala niandikieni pale pale kwenye tagi, naifungua kila usiku watoto wakishalala.